Chumba Kilichoandikwa Stoo

Mama Sufi hakuwa na mtoto anayeitwa Sufi. Hakuwa na mtoto kabisa. Jina alilipata kwa sababu ya kazi yake ya magodoro, maana mchana kutwa nyuzi nyeupe za sufi zilikuwa zimemganda kwenye nyusi na shingoni, mpaka watoto wa kota wakawa wanamtania kwamba asubuhi anazeeka na jioni akioga anarudi usichana. Yeye aliwajibu kwamba afadhali yeye anayerudi, mama zenu wameenda moja kwa moja.

Watu walimletea magodoro yaliyokwisha kulala chali, bapa kama ubao. Aliyafumua, akaitoa sufi, akaianika, akaipiga fimbo mpaka ikapumua, akaichambua mabonge kwa vidole, kisha akaijaza upya na kushona kwa shazia, ile sindano ndefu ya magunia. Katika kazi hiyo alijua mambo mengi ambayo hakuambiwa. Alijua mtoto gani bado anakojoa na umri umekwenda. Alijua mume gani siku hizi analala upande wa ukutani. Hakusema, ila alikuwa na namna ya kumwangalia mtu mpaka mtu mwenyewe akaongeza bei bila kuombwa.

Mumewe alikuwa seremala. Alipoondoka kumfuata mwanamke mwingine alimwachia vitu viwili: mlango na mama yake mzazi. Majirani walimpa pole kwa mama na wakamsifia mlango.

Mama mkwe huyo macho yalikuwa yameingia utando. Aliona mwanga na kivuli, basi. Alikuwa na binti yake wa kumzaa palepale kotani, mlango wa nne, lakini binti huyo, yaani wifi wa Mama Sufi, alikuwa na mume na watoto watano katika chumba kimoja, wakilala kama vijiko kwenye droo. Basi ikasemwa bibi akae kwa mkwewe mpaka mvua ziishe. Mvua ziliisha, zikaja nyingine, na hakuna aliyelifufua lile neno. Mama Sufi alimwogesha, alimpikia, alimpigia kelele, naye bibi alimjibu vilevile, na mtu mgeni angeweza kudhani ni mama na bintiye wa kumzaa.

Kota zenyewe zilikuwa za zamani, safu kwa safu, chumba kimoja kila kaya, choo kimoja ng'ambo ya uwanja. Wenye mali, yaani serikali ya mji, walikuwa wameacha kuzitengeneza siku nyingi. Bati likitoboka unaziba mwenyewe. Mlango ukioza unatafuta mwenyewe, ndiyo maana ilikuwepo milango ya mabati, ya makasha ya sabuni, na mmoja uliokuwa ubavu wa kabati. Wa Mama Sufi ulikuwa mlango kweli. Mbao nyepesi, imara, zimepigwa randa hadi zinateleza, na bawaba zake zilikuwa za kuchomoa. Kila asubuhi aliunyanyua kutoka bawabani, akaulaza juu ya mapipa mawili mbele ya chumba, ukawa meza yake ya kazi. Mlangoni akatundika pazia. Jioni akaurudisha mahali pake, akafunga, wakalala.

Na kwa vile njia za kotani zilikuwa nyembamba, gari halipiti, mlango huo huo ndio uliokuwa machela ya mtaa mzima. Mjamzito akishikwa, mzee akianguka, mtu anakuja mbio: Mama Sufi, mlango. Yeye anakusanya sufi yake, anasema chukueni lakini mkiurudisha na damu mtaufua nyinyi. Hawakuufua hata siku moja. Aliufuta mwenyewe kwa maji ya sabuni akaendelea na kazi.

Kisha habari zikaja kwamba kota zinavunjwa, na mahali pake panajengwa maghorofa ya kupangisha kwa bei ya mtu wa chini, na wakaaji wa kota watakuwa wa kwanza kuingia.

Watu walizungumza vigae. Walizungumza madirisha ya vioo na nani atakaa juu amwone nani. Mama Sufi alitaka kitu kimoja tu: chumba cha chini chenye choo ndani. Usiku wa mvua alikuwa akimshika mama mkwe kiunoni kuvuka ule uwanja kwenda chooni, na mara mbili bibi alikuwa ameteleza mtaroni, mara ya pili akavunjika mkono, ukapona umepinda. Tangu hapo alibana haja yake hadi asubuhi na kulia kimyakimya kwa uchungu. Mama Sufi alikuwa akimsikia. Hakuwa mtu wa kuomba sana, lakini kwa hicho choo aliomba.

Tatizo moja halikuzungumzwa kwa sauti. Nyumba zilizokuwa zikijengwa zilikuwa chache kuliko kaya za kotani. Wote walijua. Kila mtu alijiambia kwamba atakayekosa ni yule mwingine.

Utaratibu ulikuwa hivi. Maofisa watapita mlango kwa mlango. Wakikuta watu wanaishi, mmoja anapima chumba kwa tepe, mwingine anapaka namba nyekundu mlangoni. Mlango wenye namba ndiyo nyumba yako. Stoo na majiko havina namba. Walitangaza watakuja mwisho wa wiki, wakaja mwanzo wake, kwa sababu walikuwa wameshasikia kwamba watu wanaazimana watoto ili vyumba vionekane vimejaa.

Asubuhi hiyo mume wa wifi, ambaye alikuwa mbeba mizigo sokoni, aliinuka kufunga kamba ya kiatu akaanguka, damu ikamtoka mdomoni. Watoto wakapiga mayowe. Mama Sufi hakungoja kuitwa. Alikung'uta sufi chini, na wabeba mizigo wanne, wenzake na mgonjwa waliokuwa wamempitia, wakamlaza shemeji juu ya mlango, wakaondoka naye mbio kuelekea barabarani. Wifi alikwenda, na Mama Sufi alikwenda naye akimshikilia mgonjwa kichwa. Kabla ya kuondoka alimvuta mama mkwe mkono, akamketisha kwenye kigoda mbele ya chumba cha wifi, akamwambia angalia hawa watoto. Bibi akasema nitawaangalia na nini. Hakuna aliyecheka.

Hospitali walimpokea mgonjwa kitandani, wabebaji wakabaki na mlango mtupu mikononi. Kazi ilikuwa inawangoja. Waliurudisha mbio kotani na, kwa sababu ndipo walipombeba mtu, wakauegemeza palepale kwa wifi, ukaziba tundu la jiko lake dogo la mabati lililoungwa ubavuni mwa chumba. Wakaenda zao sokoni.

Shemeji hakuifikia jioni. Mama Sufi alikaa na wifi kwenye benchi la hospitali, wifi ameweka kichwa mapajani pake, mpaka muuguzi akaja na ule uso ambao hauhitaji maneno. Walirudi gizani wakifuatwa na vilio, na siku zilizofuata zilikuwa za maziko na wageni na masufuria ya kuazima. Nani angeangalia milango?

Alipokwenda hatimaye kuchukua mlango wake akaukuta una namba nyekundu. Chumba cha wifi kilikuwa na namba yake mlangoni. Na huu wake, ulioegemea jiko, ulikuwa na namba inayofuata. Alisimama akiuangalia, kisha akageuka akarudi hadi kwake, akasukuma pazia pembeni. Ukutani, kando ya tundu la mlango, mtu alikuwa ameandika kwa rangi ile ile: STOO.

Akatazama ndani kama wao walivyotazama. Magodoro yamepangwa mpaka juu, sufi magunia kwa magunia, hapana mlango, hapana mtu. Angekuwa yeye mwenye brashi angeandika vivyo hivyo. Hilo ndilo lililomkera zaidi.

Mwenyekiti wa mtaa, ambaye alipaswa kuwasindikiza maofisa, alisema siku ile alitangulia kuwatafutia viti na soda, akadhani kwa Mama Sufi wameingia. Akamshauri angoje siku ya malalamiko.

Mama Sufi alimwendea wifi kwanza. Alisema naye taratibu, kwa sauti ambayo watu hawakujua anayo. Alimwambia kuna kosa limefanyika, mlango ule ni wake, jiko si chumba, waende pamoja wakaseme kabla ya mambo kukua. Wifi alikuwa ameketi chini, amejifunika kanga kichwani, na mashemeji zake wawili, ndugu za marehemu, wamesimama mlangoni kama nguzo. Walikuwa wamekwisha kumweleza kwamba namba ya pili ni riziki ya yatima: atakaa nyumba moja, nyingine atapangisha, watoto watakula.

"Wifi, ngoja nitoke msibani," alisema.

"Malalamiko ni keshokutwa. Wewe utatoka lini?"

Shemeji mmoja akasema kuna watu hata kaburi halijakauka wanakuja na mambo ya mbao. Mama Sufi alimwambia hizo mbao ndizo zilizombeba kaka yako wakati wewe umezima simu. Akatoka, na nyuma yake wakaanza kumsema, naye alisikia kila neno kwa sababu kuta za kota zilikuwa hivyo.

Kwa mama mkwe hakusema kitu. Bibi alikuwa amefiwa na mkwe, chakula hakishuki, siku nzima anapapasa pindo la nguo yake. Mama Sufi alidhani ni huzuni.

Siku ya malalamiko maofisa walitandaza meza uwanjani, chini ya turubai. Mama Sufi alikwenda na mlango wake kichwani, mbeba mizigo mmoja akimshikia upande wa nyuma. Watu walicheka. Mmoja akasema mwenzetu kaja na kitambulisho kikubwa kuliko mwenyewe. Aliutua mbele ya meza, namba juu, akajifuta jasho.

Bibi afisa aliyekuwa anasikiliza hakuwa mtu mbaya. Miwani aliipandisha kwenye nywele, na alikuwa na mafua. Aliuliza mlango huo ulikutwa wapi. Msaidizi wake akatazama ramani akasema kwa yule mjane, chumba cha pili.

"Hakuna chumba cha pili pale," Mama Sufi alisema. "Ni jiko la mabati. Hata mbuzi akiingia anatoka kinyumenyume."

Watu wakacheka tena, naye kicheko kikampa nguvu. Alieleza yote: meza ya kazi, mapipa, pazia, mgonjwa, wabebaji. Alieleza vizuri, bila kubabaika, na alipomaliza aliona kwamba bibi afisa amemwamini.

"Kwa hiyo jiko liliandikishwa kama nyumba," bibi afisa alisema. "Ofisa haandiki mpaka aambiwe nani anaishi ndani. Basi mtu alidanganya. Nani?"

Mama Sufi alikuwa amekuja kudai chumba chake. Usiku kucha alikuwa ameyapanga maneno yake, na katika maneno hayo kosa lilikuwa limejifanya lenyewe, kama mvua. Hakuwa amefikiri kwamba swali hili lingekuja, nalo lilikuwa swali la kwanza ambalo mtu yeyote angeuliza.

Nyuma ya watu wifi alisimama, kanga kichwani.

"Mimi."

"Siku hiyo ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilisema anaishi binti yangu mkubwa na mumewe."

Binti yake mkubwa alikuwa bado anavaa sare ya shule ya msingi.

Mama Sufi alimwangalia wifi, wifi akamwangalia. Kichwa kile kilikuwa mapajani pake siku ile yote, hospitali, tangu asubuhi hadi giza. Kotani, mbele ya chumba kile, alibaki mtu mzima mmoja tu, ameketi kwenye kigoda. Mama Sufi alifungua mdomo. Akaona akisema, atakuwa amemtaja mwanamke asiyeona mbele ya mtaa mzima kwamba ni mwongo. Akaona pia kwamba wifi amekwisha kuliona hilo kabla yake, na amechagua. Akafunga mdomo. Kwa mtu kama yeye, ambaye mtaa mzima ulijua hajawahi kukosa la kusema, kimya hicho kilionekana kama kuridhika.

Bibi afisa alipiga chafya, akaomba radhi, akasoma uamuzi. Kaya ikidanganya, namba zake zote zinafutwa. Msaidizi akapiga mstari mara mbili.

"Na mimi?" Mama Sufi aliuliza.

"Wewe chumba chako hakikupimwa, mama. Na kupima kumeshafungwa. Utafikiriwa awamu ya pili."

"Awamu ya pili inajengwa wapi?"

"Kiwanja kinatafutwa."

Haikuwa chuki. Walikuwa na watu wengi na nyumba chache, na kila namba iliyofutwa ilikuwa gunia limeshuka mgongoni mwao. Anayefuata akaitwa. Mlango ulikuwa umeziba njia, akaambiwa ausogeze.

Aliporudi, mama mkwe alikuwa ameketi kitandani wima, mikono magotini. Habari zilikuwa zimemtangulia.

"Ulimtaja?"

"Nilisema ukweli, mama."

"Sijauliza ukweli. Nimeuliza ulimtaja?"

"Sikumtaja. Alijitaja mwenyewe. Na wewe unajua kwa nini."

Bibi alisema, polepole, kama mtu anayetema mfupa. Walikuja wakagonga ubao karibu na sikio lake. Alisikia brashi ikikorogwa koponi; mlango hawakuusogeza, walikuwa na haraka. Wakauliza humu nani anakaa. Mwanangu ana watoto watano, alisema, na mumewe walimbeba damu zinamtoka, nilijua harudi. Neno lilinitoka, nikasema ni mjukuu wangu mkubwa na mumewe.

"Ulijua ule ni mlango wangu?"

"Kautengeneza mwanangu. Miaka yote nimelala ubavuni pake. Nitaacha kuujua kwa harufu?"

Mama Sufi alikaa chini, juu ya gunia la sufi.

"Nilidhani watakuandika hata bila mlango," bibi alisema. "Wewe hujawahi kukosa njia. Yule hana njia. Hata alipokuwa mdogo hakuwa nayo."

"Mimi nyumba niliitaka kwa ajili yako."

"Najua."

"Choo ndani. Usiwe unalia usiku."

"Najua, mwanangu. Nilikuwa nasikia unavyoamka."

Halafu akasema lile ambalo Mama Sufi alikuwa amelingoja bila kujua kwamba analingoja. Akasema mashemeji wamemtupa binti yake mkono, namba zilipofutwa tu wakaondoka zao, na sasa anakwenda na yatima watano kutafuta banda huko pembezoni. Akasema, nipeleke kwake.

"Atakulaza wapi?"

"Wanapolala wao."

"Mama, huoni. Utakuwa mzigo juu ya mzigo."

"Nimemkosesha nyumba. Nitakaa nikiogeshwa kwako, halafu niseme nini?" Alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wa mkwewe, akaushika. "Wewe ulikuwa mke wa mwanangu. Sina cha kukulipa. Lakini yule nimemzaa."

Buldoza lilianzia safu ya nyuma, ambako watu walikuwa wamekwisha kuhama. Vumbi lilifika kabla ya kelele. Wifi alipata nafasi kwenye lori la mtu, pamoja na mabati yake na watoto wake, na Mama Sufi alimleta bibi kwa mkono, akampandisha, akamketisha mahali ambapo hapagongi. Alikuwa amemshonea godoro. Sufi mpya tupu, si ya kuchanganya, kitambaa cha mistari, mishono imekazwa vizuri. Alilisukuma juu ya lori, akalitandaza.

Wifi alishuka upande wa pili, akazunguka. Walisimama wakiangaliana. Mama Sufi alitaka kusema kwamba alinyamaza, kwamba naye siku ile alimkinga mama, kwamba angesema angemtaja mama. Yote hayo yalikuwa kweli na hayakuwa na faida.

Wifi alilivuta godoro lile chini, akaliegemeza kwenye miguu ya Mama Sufi, bila ghadhabu, kama mtu anayerudisha sufuria la kuazima.

"Liuze, wifi. Utahitaji kodi."

Lori likaondoka. Bibi hakugeuza kichwa, na hata angegeuza angegeuza kwa nini. Mtoto mmoja alipunga mkono, mwenzake akaushusha.

Mama Sufi aliuza godoro siku hiyo hiyo, uwanjani, kwa mtu ambaye namba yake haikufutwa. Kisha alizunguka kutafuta chumba. Kodi zilikuwa zimepanda kote, maana kota nzima ilikuwa inatafuta kwa wakati mmoja, na wenye nyumba hawakuwa wajinga. Alizunguka mpaka visigino vikapasuka. Pa mwisho palikuwa na mama mwenye nyumba mnene, ameketi barazani anachambua mboga, akamtazama toka juu hadi chini, sufi ikiwa bado kwenye nyusi zake.

"Kipo kimoja, kidogo. Sitaki msongamano. Mko wangapi?"

Mama Sufi alianza kusema wawili. Ulimi ulikuwa umezoea.

"Mmoja," alisema.

"Huna hata mzee wa kumtunza? Maana wengine wanajisema mmoja, kesho naona fimbo imeegemezwa ukutani."

"Sina."

"Haya," mwenye nyumba alisema, akajifuta mikono kwenye kanga. "Una bahati. Wa peke yao ndio wanaopata."